Malengo ya kutatua matatizo kazini: ile "asilimia 20" tunayoandika kila Julai inapimwa na nini?

Kurasini Ndani (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Julai ndiyo hiyo, mwaka mpya wa fedha, na ofisi nyingi hapa mjini watu wameinamia fomu za malengo. Mimi nasimamia vijana kwenye kampuni ya uwakala wa forodha huku Kurasini. Kila mwaka kile kipengele cha "uwezo wa kutatua matatizo" kinajazwa sentensi ileile: "Nitaongeza uwezo wangu wa kutatua changamoto kwa asilimia 20." Asilimia 20 ya nini? Mwaka jana ilikuwa ngapi, na nani aliihesabu? Ikifika Juni msimamizi anaweka 4 kati ya 5, mnasaini wote wawili, maisha yanaendelea.

Nimeona tulijadili hapa kwa kirefu maana fomu yenyewe haina shida, shida ni tunachoandika ndani yake. Nitatumia mifano ya forodha kwa kuwa ndiyo naijua. Wa benki, hospitali na gereji mtageuza wenyewe.

Tuanze na nini hasa tunapima. Ofisini kwetu anayesifiwa ni yule anayekimbia. Kontena limekwama, kijana anapiga simu kila kona, anadandia bodaboda hadi bandari kavu, jioni mzigo umetoka, bosi anampongeza kwenye grupu. Wiki inayofuata kontena lingine, sababu ileile, mbio zilezile, pongezi zilezile. Ukihesabu matatizo aliyotatua, huyo ndiye kinara. Sasa yuko mwenzake aliyekaa chini akagundua kwa nini kadhia zetu (maombi ya kutoa mizigo tunayopeleka forodha) zinarudishwa, akarekebisha, zikaacha kurudi. Huyu hana cha kuonyesha kwa sababu kwenye meza yake hakuna moto unaowaka. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kijana siku hizi ni hili: tatizo ulilotatua limerudi au halijarudi?

Huwezi kujibu hilo bila kumbukumbu. Kabla hujaandika lengo lolote, fungua daftari au Excel, uandike kwa wiki nne tu: tarehe, kilichotokea, nani aligundua kwanza (sisi au mteja), sababu, kama kiliwahi kutokea, na kilitugharimu muda gani au shilingi ngapi. Hapo kwenye "nani aligundua kwanza" pazingatieni sana. Tatizo ulilolishtukia mwenyewe asubuhi na tatizo uliloletewa na mteja amefura mlangoni si kitu kimoja, hata kama yote mawili yameisha saa nane mchana.

Tuseme ofisi inapeleka kadhia 60 kwa mwezi na 12 zinarudi na hoja. Ukizipanga utakuta hazina sababu 12. Saba ni ainisho la bidhaa (kundi la ushuru bidhaa inapowekwa), tatu thamani kwenye ankara haiendani na nyaraka nyingine, mbili kibali kimesahaulika, cha TBS au cha Mkemia Mkuu. Hapo ndipo lengo linapojileta lenyewe: "Kadhia zinazorudi kwa sababu ya ainisho zishuke kutoka 7 hadi 3 kwa mwezi ifikapo Desemba 31." Na si jambo la kuchezea. Namba ya ainisho ina tarakimu 6 za kwanza ambazo ni za dunia nzima, halafu kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki zinafika 8. Viwango vikuu vya ushuru ni asilimia 0, 10, 25 na 35, hicho cha 35 kimeingia Julai 2022. Kosea kifungu, mteja anatoka 10 anaingia 25, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na huo ushuru. Atakuja ofisini kwako na hesabu yake mkononi.

Ila lengo hilo ni la ofisi. Kijana mmoja hawezi kulibeba, maana yupo ofisa wa upande wa pili, yupo mteja aliyeleta ankara ya ajabuajabu. Ukimpima kwa hilo peke yake unampima bahati yake. Anahitaji lengo la pili, la kitu kilicho mikononi mwake.

Hapa kuna utafiti naupenda. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman waliwapa wanafunzi wa jeshi la anga la Marekani kazi ya kuigiza kuongoza ndege kwenye kompyuta. Waliopewa tageti ya matokeo mapema, wakati bado wanajifunza kazi, tageti iliwavuruga. Tageti ileile ikija baadaye, kazi ikishaingia kichwani, inasaidia. Akili ya anayejifunza imejaa tayari, ukimwongezea "fikisha kumi" anaanza kuwaza kumi badala ya kazi. Watafiti wa malengo, Edwin Locke na Gary Latham, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba lengo mahususi na gumu linashinda "jitahidi uwezavyo". Ila Latham na wenzake wakaja kuonyesha pia kwamba kwenye kazi ngumu ambayo mtu hajaijua, lengo la kujifunza njia linashinda lengo la matokeo.

Kwa hiyo mgeni simpi spidi. Nampa hivi: "Kwa kila bidhaa ambayo sijawahi kuiainisha, nitaandika vifungu viwili au vitatu vinavyowezekana, na sababu ya kuchagua kimoja, kabla ya kumuuliza mkubwa wangu." Inahesabika? Sana. Fungua faili, karatasi ipo au haipo. Baada ya miezi mitatu unahesabu pia mara ngapi alichochagua ndicho kilichopita. Lengo la muda nampa mzoefu.

Sasa niwape mfano mmoja nje ndani. Mzigo wa mteja wa Kariakoo umelala bandari kavu hadi umeanza kutozwa tozo ya hifadhi. Kwa nini? Ruhusa ya kutoa mzigo imechelewa. Kwa nini? Kodi imelipwa kwa kuchelewa. Kwa nini? Mteja kaiona control namba siku mbili baada ya kutoka. Kwa nini? Tumemtumia kwa barua pepe. Kwa nini barua pepe? Kwa sababu fomu yetu ya kusajili mteja ina nafasi ya barua pepe tu, na aliyoiandika mzee pale ni ya mpwa wake. Mzee mwenyewe yuko dukani Mtaa wa Congo tangu asubuhi, simu mkononi, WhatsApp anajibu hata kabla hujamaliza kuandika. Dawa yake ni mstari mmoja kuongezwa kwenye fomu. Bure kabisa.

Rudini kwenye jibu la tatu. Wengi tungeishia hapo tukasema "mteja mzembe" na kufunga mjadala. Jibu likiwa jina la mtu, au neno uzembe, uliza tena. Utaratibu huu wa kuuliza "kwa nini" mara tano unatajwa kuanzia kwa Sakichi Toyoda, na aliyeusambaza viwandani Toyota ni Taiichi Ohno. Hata hapa si mgeni: JICA, shirika la maendeleo la Japani, na wizara ya viwanda wamekuwa wakifundisha Kaizen (kuboresha kazi kidogokidogo bila kuacha) kwenye viwanda vyetu tangu 2013, kwa hiyo wa Barabara ya Nyerere huenda mmeshakutana nao.

Kutoka hapo lengo la mtu binafsi linakuwa hivi: "Kila mwezi nitachukua matatizo mawili yaliyotuletea tozo, kila moja nitaliandikia ukurasa mmoja: kilichotokea, mlolongo wa kwa nini, tulichobadilisha, ninachotarajia kitokee, na tarehe ya kurudi kuangalia. Siku 60 baadaye naandika limerudi au halijarudi." Hiyo "ninachotarajia" isiachwe. Ukiandika kabla kwamba control namba itamfikia mteja ndani ya saa moja, halafu ikawa saa sita, umejifunza kitu kuhusu fikra zako. Usipoandika, kila matokeo utayaita mafanikio.

Nawasilisha. Wajuzi karibuni, na wa kuponda pia.

Mlinzi wa Foleni

Uzi umeenda shule. Ila mkuu, hayo ni mambo ya semina za hotelini. Mimi bosi wangu akiliona hilo daftari la matatizo atauliza kitu kimoja tu: "Kwa nini una matatizo mengi kuliko wenzako?" Nakwambia ukweli, ofisi zetu asiyeandika ndiye salama.

Kurasini Ndani

@Mlinzi wa Foleni umegusa penyewe na sina jibu tamu. Ofisi ikimwadhibu anayeripoti, namba ya matatizo itashuka vizuri sana na matatizo yatabaki palepale. Kwa bosi wa aina hiyo usiandike kabisa "kupunguza idadi ya matatizo" kama lengo la idara. Daftari lako weka mwenyewe, halafu mpelekee kitu kimoja tu, fedha: "Mwezi uliopita tozo za hifadhi tulizobeba sisi ni shilingi kadhaa, nusu yake sababu ni hii, naomba tubadilishe hiki." Sijaona bosi wa Dar anayekimbia sentensi yenye shilingi.

Binti wa Simu

Mimi niko kituo cha huduma kwa wateja, tunapokea simu kutwa. Sisi tageti tunayo tena kali: tiketi ngapi umefunga kwa zamu. Mnajua kinachotokea? Watu wanafunga. Mteja anaambiwa "zima simu, washa, subiri saa 24", tiketi imefungwa, kijani kwenye skrini. Kesho anapiga tena, inafunguliwa mpya, inafungwa tena. Mtu mmoja, tatizo moja, tiketi nne, na wote wanne tumefikisha tageti.

Baadaye nikaja kusikia kwamba kuna mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, aliligusa jambo hili mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha: kipimo ukishakifanya ndiyo fimbo ya kuongozea, hakiaminiki tena. Alikuwa anaongelea benki kuu, lakini ni kama aliwahi kukaa zamu ya usiku na sisi.

Kilichosaidia kidogo kwenye timu yetu ni kuongeza namba ya pili pembeni: namba ngapi za simu zimepiga tena ndani ya siku 7 kwa jambo lilelile. Namba mbili zinachungana. Ukifunga hovyo ya kwanza inapanda na ya pili inakuumbua.

Kurasini Ndani

@Binti wa Simu dada umeniongezea kitu. Namba mbili zinazochungana, naichukua hiyo. Kwangu itakuwa kadhia ngapi zimepelekwa na ngapi kati ya hizo zimerudi.

Fundi Tabata

Nyie wa ofisini mnazunguka sana. Sisi gereji kipimo ni kimoja: gari limerudi au halijarudi.

Ila niseme hili kwa vijana wangu. Noah inachemsha, dogo anabadili themostati. Inachemsha. Anabadili rejeta. Inachemsha. Anataka kufungua injini, kumbe feni haizunguki, waya umelika pale kwenye soketi. Mteja kashanunua spea mbili nzima kwa kosa la waya. Sasa sheria yangu: hununui spea mpaka uniletee kipimo. Nionyeshe kwa testa umeme unafika au haufiki. Na nahesabu kitu kimoja tu kwa kila dogo: spea ngapi zimenunuliwa mwezi huu na hazikutibu. Zinaandikwa ukutani kwa chaki, majina yapo.

Mlinzi wa Foleni

Fundi hiyo ya majina ukutani hujasikia mleta uzi kasema nini kuhusu jina la mtu 😂

Fundi Tabata

Nimesikia. Hapa gereji bila jina hawasikii. Lakini sawa, naona pointi, maana siku hizi kuna dogo mmoja hanunui spea kabisa, anazunguka na gari siku tatu ili chaki isimguse. Nitaweka na siku ambazo gari linalala.

Mtumishi Magomeni

Wakuu mimi ni wa serikalini. Zamani kwenye kupima utendaji tulikuwa na OPRAS tangu 2004, sasa ni PEPMIS, unaingiza kazi zako kwenye mfumo na utekelezaji unaripoti humohumo. Kazi zinatokana na mpango wa taasisi. Hili la kujenga uwezo wa kutatua matatizo nitalichomeka wapi? Mimi naandaa malipo, si kama nyie mnaotoa makontena.

Kurasini Ndani

@Mtumishi Magomeni mkuu usilifanye kazi inayojitegemea, liingize ndani ya kazi uliyonayo. Kama jukumu ni kuandaa hati za malipo, shughuli ndogo yako iwe "kuchambua hati zilizorudishwa na mkaguzi wa ndani kila mwezi, kubaini sababu inayoongoza na kupendekeza rekebisho moja." Ushahidi upo, karatasi ya uchambuzi na barua ya pendekezo. Msimamizi wako ana cha kuthibitisha, na wewe huna haja ya kuelezea neno "uwezo".

Wakili wa Kibanda

Niongeze upande ambao wengi hawausomi. Sekta binafsi, malengo unayosaini yanaweza kuja kutumika kama ushahidi. Kanuni za utendaji bora kazini za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa utendaji duni aangaliwe: je, kulikuwa na kiwango, kiwango kilikuwa cha haki, mfanyakazi alikijua, na alipewa nafasi ya kurekebisha?

Sasa wewe ukisaini "nitaongeza kwa asilimia 20" umejitengenezea kiwango ambacho hata wewe hujui kinapimwaje. Siku mambo yakiharibika, mnaenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mnabishana maana yake. Na kinyume chake, usisaini "hakuna mzigo utakaotozwa tozo mwaka mzima" kwa ajili ya kumfurahisha mkubwa. Meli ikichelewa au mtandao ukilala, umevunja lengo lako mwenyewe kwa maandishi. Andika kile ambacho mkono wako unakifikia.

Kurasini Ndani

@Wakili wa Kibanda hii ilipaswa kuwa kwenye posti ya kwanza. Asante sana mkuu.

Mwalimu wa SMART

Nawasomeni kimyakimya. Naona hakuna aliyetaja SMART (lengo liwe mahususi, linapimika, linafikika, linahusiana na kazi na lina muda), kila lengo lazima liwe na vigezo vyote vitano, vinginevyo si lengo. Hapa mmeandika malengo ya "karatasi ipo au haipo", hayo ni dhaifu.

Kurasini Ndani

Mkuu, George Doran aliyeleta hiyo SMART mwaka 1981 mwenyewe aliandika kwamba si kila lengo litakuwa na vigezo vyote vitano. Alikuwa anaongea na mameneja, akitaka pia ijulikane nani amekabidhiwa kazi, jambo ambalo fomu zetu nyingi halimo: "idara itaboresha". Idara ni nani?

Na "karatasi ipo au haipo" haina udhaifu wowote kwa mtu anayejifunza. Udhaifu ni kuibakiza hivyo mwaka wa tatu. Mtu akishazoea, karatasi zitajaa maneno ya kunakili, kila ukurasa sababu ni "mawasiliano hafifu". Ukiona hivyo, badilisha lengo. Mimi nayapitia kila robo mwaka, la zamani likishakuwa mazoea nalitoa.

Neema ya Kaunta

Samahani wakuu nimechelewa, nimesoma yote. Mimi niko benki, kaunta, tawi la huku Mbagala. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kukabidhi fomu. Nimeandika: "Nitapunguza malalamiko ya wateja na kuyatatua kwa haraka na kwa ubunifu." Naomba mnikosoe, msinionee huruma.

Kurasini Ndani

@Neema ya Kaunta hatukuonei huruma dada. Malalamiko gani yanaongoza kwenye dirisha lako? Unajuaje? Na lipi kati ya hayo unaweza kuligusa bila kuomba ruhusa makao makuu?

Neema ya Kaunta

Yanayoongoza, kwa kuona tu, ni watu kukaa foleni muda mrefu halafu wakifika dirishani naambiwa nimrudishe kwa sababu kitambulisho hakitoshi au jina halifanani na la akaunti. Wanapanga foleni tena kesho yake. Hilo naweza kuligusa, kuna dada anasimama mlangoni anagawa namba za foleni, angeweza kuuliza palepale. Lakini idadi sina, sijawahi kuandika.

Binti wa Simu

Hilo ndilo wazo zuri kuliko yote niliyosoma kwenye uzi huu. Mlangoni!

Neema ya Kaunta

Basi nimeandika upya: "Julai nitaandika kila mteja ninayemrudisha dirishani na sababu yake. Kuanzia Agosti, mhudumu wa mlangoni atauliza kitambulisho na jina la akaunti kabla ya kutoa namba ya foleni. Ifikapo Septemba 30, wanaorudishwa dirishani kwangu kwa sababu hizo mbili wawe wamepungua hadi nusu ya idadi ya Julai. Matatizo mengine nitayatatua kwa haraka."

Wakili wa Kibanda

Umemuuliza huyo dada wa mlangoni? Yeye si wa kwako, na jina lake limo kwenye lengo lako.

Neema ya Kaunta

Sijamuuliza. Nitamuuliza asubuhi kabla hatujafungua milango. Akikataa nitaweka tangazo ukutani pale wanapopangia foleni.

Kurasini Ndani

Weka hilo la tangazo ndani kabisa kama njia ya pili. Na sentensi ya mwisho ifute, hiyo "kwa haraka" ndiyo asilimia 20 imevaa kanzu. Zilizobaki peleka hivyo hivyo. Oktoba njoo hapa na namba ya Julai na ya Septemba, hata kama haikushuka.